Siku Nuru Alipotumwa Maembe Machachu

Enzi zetu pale Chovai, kisiwa chetu Wabajuni, mtoto akikutwa ndani ya nyumba baada ya sala ya alasiri, majirani walikuja kuuliza kulikoni. Ama anaumwa, ama amefanya kosa na mama yake amemfungia. Sababu nyingine hawakuijua. Nyumba ilikuwa ya kulala na ya kukimbilia mvua. Kukaa kulikuwa nje. Nayasema haya kwenu wenzangu ambao magoti yenu bado yana makovu ya mawe ya pwani, kwa sababu nikiwasimulia wanangu hapa Kismayo wananisikiliza kidogo kwa adabu, wanasema "Mashaallah, Mama," kisha macho yanarudi kwenye simu.

Asubuhi haikuwa yetu. Alfajiri tulikuwa chuoni kusoma Kurani, tumekaa mkekani, tukisoma kwa sauti ya juu sote pamoja ili mwalimu asijue nani anakosea. Tukitoka hapo ni skuli, na skuli kila kitu kilikuwa kwa Kisomali. Tukirudi ni kula, halafu kazi za nyumbani: kuteka maji kisimani, nayo yalikuwa ya chumvichumvi, kuokota kuni, kuwafukuza kuku wasidonoe samaki walioanikwa. Alasiri ikishaadhiniwa na kusaliwa, ulisikia mlango mmoja mmoja ukigongwa na sauti zikiita, "Chwende chukacheze!" Yaani twende tukacheze. Hapo ndipo siku ilipokuwa yetu, mpaka maghribi.

Kwa hiyo vichwani mwetu tulikuwa na hesabu za aina tatu. Skuli tulihesabu kow, laba, sadeh. Chuoni tulihesabu kwa Kiarabu. Mchezoni hukusikia hizo hata moja, ilikuwa moya, mbili, chachu, nne, chano. Chachu ndiyo tatu yetu, na chano ndiyo tano. Wenzangu wa visiwani hamhitaji kufundishwa, nawaeleza wale waliooa kwetu juzi na bado wanapata tabu mezani kwa wakwe.

Vitu vya kuchezea hatukununuliwa. Bahari ndiyo iliyotuletea. Asubuhi ya baada ya upepo mkali ufuo ulikuwa umejaa chupa, maboya ya nyavu yaliyokatika, na ndara za mguu mmoja. Sijui hata leo zile ndara za mguu wa pili zilikwenda kwa watoto gani. Tulizikata mviringo zikawa magurudumu. Shee, mtoto wa nyumba ya pili kutoka kwetu, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, alikuwa na gari la kopo la samli lenye magurudumu manne, kila moja na rangi yake. Alitupa zamu ya kulivuta kwa kome mmoja wa kuchoma, na kome akiwa mdogo alikurudishia.

Maji yakipwa siku za bamvua, bahari ilijivuta mbali ikatuachia uwanja ambao hata Kismayo hawakuwa nao. Mchanga mgumu, mweupe, wenye vidimbwi vya maji ya vuguvugu na visamaki vilivyosahauliwa. Wavulana walipiga mpira wa matambara. Sisi wasichana tulichimba kishimo tukacheza mdako, tunarusha jiwe juu na kuchota kokoto kabla halijarudi mkononi. Wavulana walisema mdako ni wa kike, kisha jua likielekea kuzama utawakuta wawili watatu wamechuchumaa nasi wakidai wanapumzika tu. Wazee walitukataza kuwapa mgongo maji. Bibi yangu alikuwa na kauli yake, "Mchezea zuri, baya humfika," na alipoisema alinitazama mimi, hata kama aliyekosa alikuwa mtoto wa watu.

Lakini mchezo uliotutia wazimu ulikuwa wa duvi. Duvi mnamjua, yule kaa mdogo anayebeba nyumba yake mgongoni, na nyumba yenyewe kaiokota. Kila mtoto alikuwa na duvi wake, amemtia alama ya hina au ya mkaa kwenye gamba. Tulichora duara kubwa mchangani, tukawaweka duvi wote katikati, tukawafunika kwa kifuu cha nazi. Shee ndiye aliyekuwa mhesabuji, kwa sababu ya sauti yake. "Moya! Mbili! Chachu!" Kwenye chachu kifuu kinainuliwa, na duvi wa kwanza kuvuka mstari ndiye bingwa. Usidhani ni mchezo wa haraka. Duvi wengine walikaa ndani ya gamba wakisikiliza kelele zetu mpaka tukachoka. Wangu aliitwa Seremala, sikumbuki kwa nini, na aliwahi kushinda siku nne mfululizo akanipandisha kichwa.

Sasa nikwambieni lililokuwa moyoni mwangu siku zile. Wazazi wangu walikuwa Kismayo, wana duka la vitambaa, na mimi niliachwa kisiwani kwa Bibi niwe macho yake na miguu yake. Nje nilikuwa na watoto wa kisiwa kizima. Ndani sikuwa na mtu. Maghribi ikiingia kila mmoja alivutwa kwao, nikasikia kupitia ukutani wenzangu wakigombania mto wa kulalia, wakichekana, wakipigwa wote kwa kosa la mmoja. Mimi nilikuwa na mto wangu peke yangu, na niliuchukia.

Ndipo akaja Nuru. Mama yake Nuru ni mdogo wake mama yangu, aliyeolewa Mombasa na baharia wa kule. Mwaka ule alijifungua pacha, akawa hana nguvu, na mumewe yuko majini mara kwa mara. Baba Nuru akamleta binti yao kwa Bibi mwanzoni mwa likizo. Tulikuwa wa umri mmoja. Nilisimama nyuma ya mlango nikasikia kila neno wakati anaagana na Bibi.

"Mama, namwacha ajaribu," alisema. "Akizoea, abaki asome huku mpaka hali ya nyumbani itulie. Asipozoea, mwisho wa likizo nitapita nimchukue, akakae kwa dada yangu. Sitamlazimisha."

"Mtoto hafungwi kwa kamba, mwanangu," Bibi akamjibu. "Hufungwa kwa mchezo. Nenda salama."

Nikajua kazi hiyo ni yangu. Nikicheza naye vizuri, nitakuwa na mwenzangu wa kugombania naye mto. Nikishindwa, ataondoka. Usiku ule nilimwomba Mungu kwa hesabu zangu zote tatu.

Na mwanzo haukuwa mzuri. Nuru alishuka na viatu na soksi. Soksi, Chovai! Aliketi kizingitini ameshika magoti, akatazama mchanga mbele yake kana kwamba unauma. Siku ya kwanza aliniuliza, "Hapa watoto mnachezea wapi?" Nikamwuliza, "Wapi tusipochezea?" Tulidhani tunazungumza lugha moja, maana kwao Kiswahili na kwetu Kiswahili, lakini kila nikifungua kinywa alikunja uso. Nikisema mchu, anauliza mchu ni nini. Ni mtu, Nuru, ni wewe na mimi. Nilipompeleka kwenye duvi akapiga ukelele uliowarudisha duvi wote ndani ya magamba yao, na mchezo ukaharibika kwa alasiri nzima. Shee alimwita Bibi Harusi, kwa sababu haketi chini na hagusi kitu. Wenzake wakacheka. Nuru akarudi kizingitini.

Chakula nacho kikamshinda. Mama yangu alikuwa ametuletea basta, yaani tambi, kutoka Kismayo, na Bibi akaipika kwa heshima ya mgeni, akampa na ndizi mbivu pembeni kama ilivyo desturi. Nuru akaila basta, akaiacha ndizi akidhani ni ya baadaye. Sisi tunaitafuna pamoja, tonge hili basta, tonge hili ndizi. Alitukodolea macho kama aliyeona watu wakipaka wali sukari. Nikamwambia ajaribu. Akajaribu, akaniambia kwa upole wa kimjini, "Ni nzuri," na akanywa maji mengi.

Siku ya tatu asubuhi Bibi aliamua kumchangamsha. Mtoto wa Bi Mwanamvua, jirani yetu, alikuwa amerudi jana yake kutoka Kismayo na kikapu cha maembe, na maembe kwetu si kitu cha kila siku. Kisiwa chetu kina minazi na chumvi. Bibi alitaka maembe matatu mabivu, moja la Nuru, moja langu, moja lake. Akafikiri ni vyema mgeni mwenyewe akayachukue, azoee majirani. Akamwambia kwa uchangamfu, "Mgeni siku mbili, siku ya chachu mpe jembe! Jembe mimi sina, mwanangu. Nenda kwa Bi Mwanamvua, mwambie Bibi ataka maembe machachu."

Mimi nilikuwa uani nasuuza sufuria, nikasikia, wala sikuona ajabu yoyote. Maembe machachu, maembe matatu, kuna nini hapo? Nuru naye hakuona ajabu. Kwao Mombasa machachu ni machachu, yale ya kukunja uso. Na Bibi si ametangulia kusema leo ni siku ya chachu? Baadaye aliniambia alidhani kisiwani tuna siku maalumu ya kula vitu vichachu.

Bi Mwanamvua alikuwa amejinyoosha kitandani, masikio yake yameanza kuwa mazito, akamwambia, "Kikapu hicho hapo, mama, chukua alichokutuma Bibi yako." Nuru akachuchumaa. Alikuwa mtoto aliyelelewa kutii, na akitumwa kitu hufanya vizuri. Akanusa embe moja moja. Lenye harufu ya utamu aliliweka kando. Lililobonyea aliliweka kando. Magumu, ya kijani, yenye utomvu kwenye kikonyo, hayo akayatia kwenye kanga aliyojifunga. Na kwa kuwa hakutajiwa idadi, aliona haya kuchukua machache.

Alirudi anatembea kwa shida, kanga imening'inia mbele. Bibi akashika kiuno.

"Mwanangu, yote haya ya nani?"

"Yako, Bibi. Umesema machachu."

"Nimesema machachu, ndiyo! Haya si machachu, haya ni shehena!"

"Ni machachu, Bibi, wallahi. Nimeyachagua moja moja. Onja."

Bibi akachukua moja, akalipasua kwa kisu, akatia kipande kinywani. Jicho moja likafumba lenyewe. Akajaribu kusema, ikabidi angoje kwanza. "Ni machachu," akakiri mwishoni. "Lakini si machachu!"

Nilianguka chini kwa kicheko. Niligaragara palepale uani, sufuria kule. Bibi naye mabega yakaanza kumtikisika. Kisha nikainua uso nikamwona Nuru. Alikuwa amesimama vilevile, kanga ameishika kwa mikono miwili, machozi yanadondokea maembe.

"Nataka kwenda kwa Baba," akasema.

Kicheko kikanikauka. Maana hayo ndiyo maneno niliyokuwa nikiyaogopa tangu alipofika, na sasa yametoka, na aliyeyatoa ni mimi kwa ujinga wangu wa kucheka. Bibi akamvuta kifuani akambembeleza, akamweleza chachu ni nini kwetu, lakini nani anataka somo la hesabu akiwa analia? Nuru alikubali kwa kichwa na machozi yakaendelea. Nilikaa pale mchangani nikaona mto wangu wa peke yangu unanisubiri ndani.

Iliyotuokoa ni pua ya Shee. Sijui alikuwa umbali gani. Alichungulia juu ya ukuta wa makuti akauliza, kwa sauti yake ile ya kuhesabia duvi, "Nasikia harufu ya embe bichi! Mna chumvi?"

Lazima niwakumbushe wenzangu jambo. Enzi zile embe bichi lilikuwa haramu ya watoto. Maembe yalikuja machache kutoka bara, na wazee waliyaficha kwenye majivu mpaka yaive. Hakuna mtoto wa Chovai aliyewahi kuachiwa embe bichi zima, sembuse kanga nzima. Shee aliingia, akaona, akapiga ukelele uliosikika mpaka mwisho wa kisiwa. Nyuma yake wakaingia wengine. Mmoja akakimbia kwao kuleta pilipili, mwingine chumvi ya mawe, nikaleta kinu. Tukatwanga chumvi na pilipili pamoja, tukakata maembe vipande virefu, tukachovya. Loo! Mate yananijaa hata sasa ninapoandika. Meno yaliingia ganzi, macho yakatoka machozi, masikio yakawasha kwa ndani, na hakuna aliyeacha.

"Nani kawapa?" mmoja akauliza akijifuta kamasi.

"Nuru," nikasema haraka. "Nuru ndiye aliyeyachagua. Moja moja."

Wakamtazama mtoto wa Mombasa kwa macho mapya. Shee akachagua kipande kinono, akakizamisha kwenye pilipili, akampa yeye wa kwanza kabla ya nafsi yake. Nuru akakitafuna. Na kumbe kwao Mombasa embe bichi la chumvi na pilipili huliwa mchana kutwa, ni mazoea yake! Alikula bila kukunja uso, huku sisi tunapiga chafya. Halafu akacheka. Nilikuwa bado sijausikia ule mcheko wake, mcheko wa kukatikakatika, wa mtoto anayekosa pumzi.

Bibi alikwenda mwenyewe kwa Bi Mwanamvua kuomba radhi, na tukawasikia wakicheka huko mpaka Bi Mwanamvua akakohoa. Aliporudi alikuwa na maembe matatu mabivu mkononi. Tangu siku ile Chovai nzima ilimwita Nuru Machachu, na kila mtu alilicheka jina hilo kwa maana aliyoitaka.

Siku zilizofuata zilikwenda mbio. Soksi zilipotelea wapi sijui. Moja nilikuja kuikuta ni nguo ya mwanasesere. Nuru alijifunza kumshika duvi kwa nyuma ya gamba, akamchagua mmoja mdogo mwenye hasira akamwita Askari. Naye akatufundisha kuruka kamba kwa mtindo wa Mombasa, wawili wanazungusha na mmoja anaingia katikati bila kuguswa. Kamba tuliipata kwa wavuvi, kipande kilicholiwa na mawe, kinanuka papa mkavu, na kikikupiga mguuni unajua umepigwa. Wasichana wote wa kisiwa wakashikwa na homa ya kamba. Mdako ukalala. Akina mama wakaanza kulalamika kwamba maji hayatekwi, na jioni moja niliwaona wawili wao, watu wazima wenye watoto, wamejifunga kanga vizuri wanaruka nyuma ya nyumba wakidhani hakuna anayeona.

Lakini sikuwa na amani kamili. Mtoto anaweza kucheza likizo nzima na bado akataka kwao. Usiku, tukigombania mto, nilitaka kumwuliza, "Utabaki?" Nikaogopa jibu. Badala yake nilimwachia mto.

Baba Nuru alikuja mwisho wa likizo kama alivyoahidi. Tulikuwa tumezunguka duara, kifuu kiko katikati, Shee ameinua mkono. Nilimwona kwanza mimi, anatembea ufuoni na mkoba begani. Bibi akatoka kumpokea. Baba Nuru akasimama nyuma yetu, akamtazama binti yake aliyepiga magoti mchangani, peku, nywele zimejaa chumvi, anamnong'oneza kaa.

"Nuru," akaita. "Baba amekuja. Tufunge mizigo?"

Nuru aliruka akamkumbatia, alimpenda mno baba yake. Kisha akageuka kutazama duara. "Baba, ngoja kidogo. Askari bado hajatoka."

"Nimngoje Askari, sawa. Halafu?"

Nuru akatazama chini, akachora mchanga kwa kidole cha mguu. "Halafu uniache nikae tena kidogo, Baba. Siku chachu tu."

Baba Nuru alimtazama. Yeye alikuwa ameoa nyumba ile, na katika siku za uchumba alikwisha kuchekwa kwa neno hilohilo, kwa hiyo hakuhitaji kufasiriwa. Alimtazama binti yake, akamtazama Bibi, na nikaona amefurahi na ameumia kwa pamoja, kama baba yeyote.

"Mama," alimwambia Bibi, "huyu si wa kuchukuliwa tena. Huyu keshakuwa mchu wenu."

Zile siku chachu hazikuisha. Nuru alisoma nasi, akafunga ramadhani na sisi, akamaliza juzuu zake chuoni kwetu. Mama yake na pacha walikuja kila walipoweza. Alikwenda Mombasa likizo akarudi, analalamika kwamba huko watoto wanachezea barabarani na hawajui duvi. Tulikua, tukaacha kuitana mlangoni, tukaanza kuona haya kukimbia.

Kisha vita vikaingia. Sitayasimulia, kila mmoja wenu anayo yake. Tulipanda jahazi sote, Bibi, wazazi wangu, Nuru na mimi, tukashuka Mombasa, tukawekwa kambini kwenye mahema. Haikupita wiki akaja shangazi yake Nuru, yule dada wa baba yake, na gari. Kwake, alikokuwa akikaa mama yake Nuru na pacha wakati baba yuko majini, kulikuwa na kitanda na taa ya umeme na maji ya bomba. Alisimama mlangoni pa hema letu akasema, "Mwanangu, wewe si mkimbizi. Wewe umezaliwa mji huu. Ingia garini."

Na ilikuwa kweli, hakuna aliyembishia. Bibi mwenyewe alimwambia aende. Mimi nilitazama pembeni, maana sikutaka macho yangu yamwombe kitu.

"Ahsante, shangazi," Nuru akasema. "Ijumaa nitakuja kuwaamkia. Lakini kulala nitalala hapa na wenzangu."

Alilala pale miaka yote ya kambi, mpaka ilipofungwa. Maji ya foleni, joto la turubai, vyote alivila nasi. Leo anaishi Mombasa, ana watoto na duka lake dogo la ushanga, na mimi nimerudi Kismayo. Mtu akimwuliza kwao ni wapi husema Chovai, na akibishiwa huzidi kusema.

Sasa watoto wangu. Juzi nilimwuliza mwanangu wa mwisho kama amecheza mpira. Akaniambia ndiyo, Mama, nimefunga mabao sita. Nikatazama miguu yake, misafi kuliko sahani zangu. Binti yangu ana rafiki yake wa dhati, msichana wa Kibajuni aliyezaliwa Ulaya, wanaongea mpaka betri inakufa, na hajawahi kunusa mafuta ya nywele zake. Sisemi ni wabaya. Wanacheka vizuri, wanajua mambo ambayo sisi tuliyajua tukiwa na mvi, na jioni bado nawaona wavulana wa Kismayo wakipiga mpira ufuoni hadi adhana. Hata binti yangu nikimtishia kumnyang'anya simu husema, "Mama, huku ndiko wanakocheza wenzangu, nikatoke nje nikacheze na nani?" Nikichungulia mlangoni, njia ni tupu kweli.

Sisi rafiki tulimpata kwa kupakana mchanga na kugawana embe bichi, na tuliowapata hawakuzidi vidole. Wanangu wanao mamia, wamepangwa kwenye kioo na picha zao. Ninachokaa nikijiuliza, jua likitua na nyumba imenyamaza kila mtu na taa yake usoni, ni yupi katika hao mamia atakayeletewa gari mlangoni akasema hapana, nalala hapa na wenzangu. Huenda yupo. Namwomba Mungu awape hata mmoja.